Kazi ikikatika: karatasi kwanza, kisha Inspekteri, kisha avoka



Katika vikao vya MUSO zetu kuna swali ambalo halichoki kurudi. Dada mmoja anasema: "Wamenitoa kazini. Nitafute avoka?" Hapo wengine wanajibu haraka. Mmoja anasema avoka ni wa watu wenye pesa. Mwingine anasema mkubwa wa kazi hashindwi. Wa tatu anasema tumwachie Mungu. Kikao kinafungwa, dada anarudi nyumbani, miezi inapita. Siku anayoamka kudai, anaambiwa muda wa kudai umekwisha.

Wiki hii tunataka kulijibu swali hilo taratibu. Kwa kifupi, avoka si mlango wa kwanza. Kuna milango mingine mbele yake ambayo haitaki pesa nyingi. Lakini yako mambo fulani ambayo mtu akikutana nayo, asipitishe hata wiki moja bila kumwona mtu wa sheria. Kujua tofauti hiyo kunaweza kuokoa minerval ya watoto ya mwaka mzima.

Sheria yenyewe ni ipi, na inamlinda nani?

Nchi yetu ina sheria ya kazi inayoitwa Code du Travail. Ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002. Ilirekebishwa tarehe 15 mwezi wa 7, 2016. Hapa tutaiita Kode ya Kazi.

Kode hiyo haikuandikwa kwa ajili ya watu wa ofisi tu. Inamhusu mama anayepika katika shirika, anayefanya usafi katika gesti, anayeuza katika duka la mtu mwingine, mwalimu wa shule ya privé, mlinzi wa usiku, na hata dada anayefanya kazi ndani ya nyumba ya watu. Akitumikisha mtu chini ya amri yake na kumlipa, hapo kuna kazi na kuna sheria.

Walio nje ya Kode hii ni wafanyakazi wa serikali wenye matrikile, mahakimu, polisi na askari. Hao wana sheria zao. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya serikali anayedai mshahara wake hapitii njia tunayoieleza hapa. Yeye ana sindika yake na ofisi za elimu. Mwalimu aliyeandikwa na shule ya mtu binafsi, huyo yumo ndani ya Kode.

"Sikusaini kitu chochote"

Hilo ndilo neno la kwanza tunalolisikia. Dada anadhani kwa sababu hakupewa kontra ya kuandika, basi hana haki. Mambo ni kinyume chake. Kode inasema kontra iandikwe. Isipoandikwa, sheria inaichukua kuwa kontra isiyo na mwisho, mpaka mwajiri alete ushahidi mwingine. Na mfanyakazi anaruhusiwa kuonyesha kwa kila njia halali kwamba alikuwa akifanya kazi pale: mashahidi, ujumbe wa simu, baji, daftari la kuingia na kutoka, alama ya pesa iliyotumwa kwa simu.

Kwa wale wanaolipwa kwa siku, wale tunaowaita jurnalie, kuna kanuni ambayo wengi hawaijui. Mtu akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akachukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijakwisha, sheria inahesabu kwamba sasa ana kontra isiyo na mwisho. Ndiyo maana kuandika siku ulizofanya kazi ni jambo kubwa. Daftari la franka chache linaweza kuwa shahidi wako.

Halafu kuna kontra zenye tarehe ya mwisho. Baraka tunazijua sana, kwa sababu mashirika yalikuja kwa wingi wakati ndugu zetu walipokuwa wakirudi kutoka kambi za Tanzania, na mengine yakaja wakati Warundi walipopokelewa Lusenda. Kontra ya namna hiyo haiwezi kupita miaka miwili. Kama mfanyakazi ana ndoa na kazi imemtenga na familia yake, haiwezi kupita mwaka mmoja. Ni hivyo pia kwa mjane au aliyeachika ambaye kazi imemtenga na watoto anaopaswa kuwalea. Na kwa kawaida kontra hiyo hurudiwa mara moja tu. Ikizidi hapo, inageuka kuwa isiyo na mwisho.

Lakini angalia vizuri: sheria imeacha nafasi kwa kazi za msimu na kazi maalumu zinazojulikana mwanzo na mwisho wake. Waajiri wengi wa miradi hujificha katika nafasi hiyo. Wengine wana haki ya kuitumia, wengine hawana. Kutenganisha hao wawili si kazi ya shangazi wala ya jirani. Hapo ndipo mtu wa sheria anahitajika.

Mimba si kosa la kazi

Tuseme hili wazi kwa sababu linatugusa sisi wanawake peke yetu. Kufukuzwa kwa sababu ya mimba, kwa sababu ya kuzaa, kwa sababu ya kuwa na mume au kutokuwa naye, si sababu halali. Kode imeyataja hayo kwa majina. Pia mwajiri haruhusiwi kumdai mwanamke anayeomba kazi apime mimba kwanza.

Konje ya uzazi ni wiki 14 mfululizo: mpaka 6 kabla ya kuzaa na mpaka 8 baada yake. Katika muda huo mama ana haki ya theluthi mbili za mshahara wake, mtoto awe hai au asiwe hai. Mwajiri hawezi kuvunja kontra mama akiwa katika konje hiyo. Akirudi kazini naye ananyonyesha, ana mapumziko mawili kwa siku, kila moja nusu saa, na muda huo unahesabiwa kuwa muda wa kazi unaolipwa.

Tena, mfanyakazi akiugua, akipata ajali au akizaa, mwajiri ana wajibu wa matibabu yake na ya familia yake wakati kontra ingali hai. Dada wengi wameuza debe la mawese au kuku wa mwisho kulipa hospitali, huku deni hilo lilikuwa la mwingine.

Siku ya kutolewa

Mwajiri anaweza kumtoa mtu kazini. Hilo sheria haikatai. Lakini anatakiwa awe na sababu halali: mtu hawezi kazi, mwenendo wake ni mbaya, au shughuli yenyewe imepungua. Na anatakiwa aandike barua. Kusema tu mlangoni "usirudi kesho" si njia ya sheria.

Kwa mwenye kontra isiyo na mwisho, kuna preavi, yaani muda wa kumjulisha. Preavi ni siku 14 za kazi, na kila mwaka mzima aliofanya unaongeza siku 7. Tupige hesabu pamoja. Mama amepika katika kantini kwa miaka 4. Chukua 14, ongeza mara 4 ya 7, yaani 28. Jumla ni siku 42 za kazi. Akitolewa leo hii bila preavi na bila kosa zito, siku hizo 42 zinalipwa. Ongeza siku za konje ambazo hakuzichukua. Kwa mtu mzima, sheria inatoa angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima, yaani 12 kwa mwaka.

Kwa mwenye kontra ya tarehe, hesabu ni nyingine. Kontra yake ingekwisha mwezi wa 12, wakaivunja mwisho wa mwezi wa 8 bila sababu ya sheria. Anadai mishahara ya miezi 4 iliyobaki.

Mwajiri akisema kuna kosa zito, hapo hakuna preavi. Lakini hata kosa zito lina utaratibu: anatakiwa ampe mfanyakazi barua ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo lenyewe. Asikae nalo nusu mwaka, kisha alitoe siku anapotaka kumpa ndugu yake nafasi.

Na kama sababu si halali, tribinali inaweza kuamuru mtu arudishwe kazini. Asiporudishwa, inaweza kumpa malipo ya hasara. Malipo hayo hayapiti mishahara ya miezi 36. Hatusemi kila mtu atapata 36. Hicho ndicho kipeo.

Kabla hujaondoka, dai sertifika ya kazi inayoonyesha ulifanya nini na kwa muda gani. Hiyo ni haki ya kila mmoja, hata aliyetolewa kwa kosa. Ukipewa karatasi ya kusaini, isome au isomewe na mtu unayemwamini. Kama ni barua tu, andika "nimepokea" na tarehe, kisha saini. Kupokea barua si kukubali yaliyomo. Lakini karatasi inayosema umeridhika na huna deni tena, hiyo usiisaini siku hiyohiyo.

Saa inatembea

Hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Madai ya kazi yana umri, nayo hufa. Madai ya mshahara usiolipwa yanakufa baada ya mwaka 1, kuhesabu tangu siku ambayo kila mshahara ulitakiwa kulipwa. Madai mengine mengi ya kontra, kama kufukuzwa bila sababu, yanakufa baada ya miaka 3.

Maana yake ni nini? Kama hukulipwa mshahara wa mwezi wa 3 mwaka jana, na sasa ni mwezi wa 5 mwaka huu, nawe hukuandika kitu, mwajiri anaweza kusema mbele ya hakimu: muda umepita. Hata kama kila mtu mtaani anajua hakukulipa.

Ahadi za mdomo hazisimamishi saa hiyo. "Vumilia, bajeti inakuja" haisimamishi. Simu kumi kwa siku hazisimamishi. Kinachosimamisha ni maandishi: barua kwa mwajiri ambayo una alama kwamba ameipokea, au malalamiko kwa Inspekteri wa Kazi, au kupeleka kesi tribinali. Kwa hiyo mtu akikuambia uvumilie, vumilia, lakini barua iwe imekwisha kwenda.

Mlango wa kwanza: Inspekteri wa Kazi

Sheria inasema wazi kwamba ugomvi wa kazi haupokelewi tribinali kama haujapita kwanza kwa Inspekteri wa Kazi ili ajaribu kuwapatanisha. Hata ukiwa na avoka hodari, usipopita hapo kesi inarudishwa. Ndiyo maana tunasema avoka si wa kwanza. Kuandika malalamiko kwa Inspekteri unaweza wewe mwenyewe, au mwalimu wa mtaani akakusaidia kuandika kwa Kifaransa.

Weka mambo matano katika barua: jina lako na kazi yako, siku uliyoanza, mshahara mliopatana, jambo lililotokea na tarehe yake, unachodai. Ambatisha kopi, usitoe karatasi za asili. Kopi moja ibaki kwako, imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Inspekteri atawaita ninyi wawili. Mkipatana, anaandika makubaliano, na makubaliano hayo yana nguvu. Msipopatana, anaandika hati ya kutopatana, ile wanayoiita PV de non-conciliation. Mwajiri akikataa kuja, hilo nalo linaandikwa. Hati hiyo ndiyo ufunguo wa tribinali. Mahali ambapo Tribinali ya Kazi haijawekwa, kesi inasikilizwa na Tribinali ya Grande Instance, kama ile ya Uvira.

Tunajua safari ya Uvira ilivyo. Makobola si karibu, nauli si ndogo, na kuna wiki ambazo njia haipitiki. Lakini barua inaweza kusafiri na mtu mmoja kwa niaba ya watano, nayo ikasimamisha saa kwa wote watano, kila mmoja akiwa na barua yake.

Basi avoka anaingia lini?

Kwa mawazo yetu, mtafute mtu wa sheria bila kuchelewa ukikutana na moja ya haya:

Umepewa karatasi ya kusaini inayosema unakubali kuondoka kwa hiari yako, au huna deni tena.

Umefukuzwa ukiwa na mimba au ukiwa katika konje ya uzazi.

Umeshitakiwa wizi au kosa zito. Hapo si kazi tu, jina lako na hata uhuru wako vimo hatarini. Usiende kusema neno polisi peke yako.

Mkubwa wa kazi amekutaka kimwili ili akupe kazi, au ili usiipoteze. Hilo ni kosa la jinai kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 2006 juu ya ubakaji na unyanyasaji wa kijinsia. Sheria hiyo inaweka kifungo. Si jambo la kupatanishwa chini ya mwembe.

Umeumia kazini, na mwajiri hakukuandikisha CNSS, ile ya zamani tuliyoiita INSS. Angalia pia kama walikuwa wanakata asilimia 5 ya mshahara wako wakisema ni ya CNSS, nawe huna namba huko.

Mwajiri anafunga na kuondoka Baraka. Akiisha kuondoka, kumfuata ni kazi nyingine.

Na mwisho, umepata hati ya kutopatana, nawe unataka kwenda tribinali. Hapo sheria inakuruhusu kusimama mwenyewe, au kutetewa na avoka, au kusaidiwa na mjumbe wa sindika. Lakini kama upande wa pili una avoka, kusimama peke yako ni kuvuka ziwa kwa mtumbwi uliotoboka.

Kinyume chake, kama unadai mshahara wa mwezi mmoja na mwajiri hakatai deni ila anachelewesha, usikimbilie avoka. Pesa ya avoka inaweza kupita deni lenyewe. Barua na Inspekteri vinaweza kutosha.

Pesa ya avoka

Kwanza ujue unayezungumza naye ni nani. Avoka ameandikwa katika baro. Yupo pia mtetezi wa mahakama, défenseur judiciaire, anayeruhusiwa kutetea katika tribinali zetu, na mara nyingi bei yake ni ndogo. Lakini yupo na "mjuaji" wa mtaani mwenye mfuko wa karatasi ambaye si huyu wala si yule. Omba kuona kadi yake.

Kila baro nchini, hata ile ya Sud-Kivu, inatakiwa kuwa na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, Bureau de Consultations Gratuites. Mtu asiye na kitu anaweza kutafuta hati ya umaskini kwa viongozi wa serikali ili apunguziwe gharama. Uliza kwanza hayo kabla hujauza shamba.

Ukipatana na avoka, bei iandikwe: ni ngapi, inalipwa lini, inahusu kazi gani, nauli ni ya nani. Na kila franka unayotoa, chukua resi.

Na sisi tunaoajiri

Tusijisahau. Wengi wetu tuna msichana wa kusaidia nyumbani, au kijana wa kubeba samaki sokoni. Yeye naye yumo ndani ya Kode. Kumlipa kwa wakati, kumwachia apumzike, kutomtumikisha zaidi ya saa 45 kwa wiki, kumtibu akiugua, kutomfukuza usiku bila chochote kwa sababu sahani imevunjika: hizo si huruma, ni haki yake. Hatuwezi kudai kwa wakubwa kile ambacho tunamnyima mtoto wa mwenzetu jikoni mwetu.

Woga

Tunajua kinachowazuia wengi si kukosa sheria, ni woga. "Nikidai sitapata kazi tena Baraka." Woga huo una sababu zake, na hatuucheki. Lakini kumbukeni kwamba Kode imekataza kumfukuza mtu kwa sababu amepeleka malalamiko. Kumbukeni pia mwezi wa 2, 2011, wakati mahakama ya kijeshi ilipokuja kukaa hapa Baraka. Wanawake wa Fizi walitoa ushahidi juu ya waliyotendewa siku ya kwanza ya mwaka huo, na Luteni-Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20. Ile ilikuwa kesi ya jinai, nzito kuliko zote tunazozitaja hapa. Kama mama zetu waliweza kusema mbele ya askari, sisi tunaweza kuandika barua ya mshahara.

Tena, hakuna anayelazimika kwenda peke yake. Tunapendekeza kila MUSO ifanye mambo mawili mwezi huu. La kwanza, kila mama anayefanya kazi kwa mtu afungue daftari: siku, saa, pesa aliyopata, pesa anayodai, na kopi ya kontra iwekwe kwa rafiki nje ya nyumba yake. La pili, sanduku la kikundi litenge pesa kidogo ya nauli na kopi, kwa ajili ya mwenzetu atakayehitaji kufika kwa Inspekteri kabla muda haujakwisha.

Mwenye deni la mshahara lililofikisha miezi 9 au 10, asingoje kikao kijacho. Wiki hii aandike.